Kidole Gumba cha Bi Mwanakombo

Mimi si mtu wa kunyamaza nikisikia jambo langu likisimuliwa upogo. Ndivyo nilivyoumbwa, na waliofanya kazi nami wanajua. Lakini juzi, siku ya tatu ya msiba wa Bi Mwanakombo, nilijizuia, maana nyumba ya msiba ina adabu zake. Nilikuwa nimekaa mkekani katika sebule ile ile ya Kibokoni niliyokuwa nikiipita kila asubuhi nikienda kazini, mtandio kichwani, magoti yakinilaumu. Hitima ilikuwa imekwisha. Birika la kahawa likazunguka, na wanawake wakaanza yale mazungumzo ya chinichini ambayo, tukisema kweli, ndiyo matanga yenyewe. Mama mmoja nisiyemjua, mnene, mwenye sauti tamu, akawa anawahadithia wenzake. "Marehemu kidole gumba chake kilikuwa kimekufa kabisa. Daktari mmoja wa bara akaleta mashine kutoka Ulaya, ikamtia sindano yenyewe. Hakuna mtu aliyeigusa." Wenzake wakasema mashallah. Mimi nikainua kikombe nikanywa kahawa ya moto ikanichoma ulimi, na afadhali ilivyonichoma, maana nilikuwa tayari nimefungua mdomo.

Yenyewe! Mashine ijitie sindano yenyewe! Leo mimi ndiye mkuu wa chumba cha picha, na wiki haipiti bila kuletewa madaktari vijana niwafundishe kupeleka sindano kwenye goti, bega au nyonga huku wakiitazama kwenye skrini ya ultrasaundi. Kwao ni jambo la kawaida, sawa na kuwasha taa kabla ya kuingia ndani. Nikiwaambia kwamba daktari wa mifupa zamani alikuwa akipapasa, anakisia, anachoma, kisha anamwachia Mungu, wanatazamana. Siwalaumu. Hawakuwako. Mimi nilikuwako, na kwa vile aliyekuwa shahidi wangu mkubwa amekwishazikwa, naona niuseme mwaka ule mimi mwenyewe kabla haujageuzwa hadithi ya mashine ya Ulaya.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikuwa nimeajiriwa kupiga picha za ultrasaundi katika hospitali moja ya hapa kisiwani, na nikapanga chumba kwa Bi Mwanakombo, ghorofa ya pili, chumba kidogo chenye kuta nene za chokaa na dirisha lililotazamana na dirisha la jirani kwa karibu mno hata angeniomba chumvi ningempa bila kushuka. Mimi Mgiriama, Mkristo, nimetoka Kaloleni na sanduku langu moja. Bi Mwanakombo alinitazama juu na chini akanipa masharti mawili: nisilete nyama ya nguruwe ndani ya nyumba yake, na nisile peke yangu. La kwanza lilikuwa rahisi. La pili lilininenepesha. Asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi, jioni wali na samaki wa kupaka, Ijumaa biriani, na ukisema umeshiba anakuuliza ni nani amekuudhi. Tulikuwa tukila jikoni, yeye juu ya kiti chake cha mbuzi cha kukunia nazi, mimi juu ya kigoda, na mjukuu wake Nuru, aliyemlea tangu mchanga, akiingia na kutoka huku akidokoa kwenye kila sufuria.

Kazi yake ilikuwa kupaka hina. Nasema kazi, lakini mjini watu hawakuiita hivyo. Walisema "mkono wa Bi Mwanakombo", kwamba bi harusi fulani ana mkono wa Bi Mwanakombo, na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha, hakuna wa kushindana. Nimekaa kwenye ile sebule nikamtazama akipaka. Hakuchora kwanza wala hakupima. Alishika koni ya hina kwa vidole vitatu, akaminya kwa kidole gumba, na mstari ukatoka mwembamba, ukapinda pale anapotaka, ukazaa majani. Siri ya yote ilikuwa kidole gumba. Kikiminya sawasawa, mstari unatoka sawasawa. Kikitetemeka, mkono wa bi harusi wa watu umeharibika, na harusi ni kesho.

Basi ndicho kilichoanza kumsaliti. Kwanza kilimuuma asubuhi tu. Halafu akashindwa kufungua kifuniko cha mtungi wa achari, akamwita Nuru kwa kisingizio kwamba mikono yake ina mafuta. Halafu ufunguo wa mlango wa chini. Halafu nazi: kile kiti cha mbuzi kikahamishiwa pembeni na tukaanza kula tui la paketi, na katika nyumba ile hilo lilikuwa jambo la kutangaziwa redioni. Mwisho koni ikamtoka mkononi akiwa anampaka binti mmoja wa Mji wa Kale, hina ikamwagika juu ya kiganja chote. Wenye harusi walilichukulia kwa heri, wakasema ni baraka. Yeye alirudi nyumbani akavua buibui, akakaa, hakula. Na Nuru alikuwa ameposwa. Harusi ilikuwa imewekwa mfungo mosi, baada ya Ramadhani, na Bi Mwanakombo alikuwa amemwahidi tangu hajang'oka meno ya utotoni kwamba siku yake atampaka yeye mwenyewe, mikono na miguu.

Kuta za nyumba zile ni nene lakini milango haifungi, kwa hiyo nilisikia mengi. Jioni moja binti yake, Saumu, mama yake Nuru, alikuja kutoka Tudor, na mimi nikiwa kitandani nikamsikia jikoni akizungumza na mamake.

"Mama, tumwite yule wa Bondeni. Yuwapaka vizuri."

"Yuwapaka vizuri, sikatai," Bi Mwanakombo akasema. "Lakini mimi nimepaka maharusi wa mji huu tangu babako hajanioa. Wa watu wote nimewapaka. Wangu apakwe na mtu, mimi nikae nimekunja mikono kama mgeni?"

"Sasa utapakaje, na koni haikai mkononi?"

Nikasikia kijiko kikikoroga chai ambayo bila shaka ilikuwa imekwishapoa.

"Saumu, mwanangu," akasema, "ndoo huku uninyanyue, niende nikaswali."

Nilijua basi kwamba jambo lile halikuwa maumivu. Maumivu angeyavumilia, alikuwa amezoea kuvumilia makubwa zaidi. Lilikuwa ahadi, tena mbele ya mji mzima.

Kule hospitalini aliyekuwa akimtibu ni Daktari Mutua. Huyu alikuwa Mkamba wa Machakos, mrefu, mwendo wa pole, mikono nyuma kila anapotembea kana kwamba ameikodi na anaogopa kuiharibu. Na kweli mikono yake ilikuwa na sifa. Wachukuzi wa Marikiti wenye magoti yaliyochoka na madereva wa malori wa Shimanzi wenye mabega yaliyokwama walikuwa wakimngojea yeye tu, kwa sababu alipapasa kiungo, akafumba macho kidogo, na sindano ikaingia. Goti ni mlango mpana. Lakini kiungo cha chini cha kidole gumba, pale kidole kinapokutana na kifundo cha mkono, kwa mtu mzima kimesagika na mfupa umeota ncha pembeni, na upenyo wake umebaki mwembamba kuliko ukucha. Alikuwa amekwisha kumchoma Bi Mwanakombo mara moja kwa kupapasa, na dawa haikufua dafu. Daktari mwingine angesema mgonjwa ni mzee, basi. Yeye akaja kwangu.

Lazima nieleze chumba changu kilivyokuwa. Kilikuwa chini, chenye giza, kiyoyozi kinadondosha maji ndani ya ndoo, na nje yake benchi refu la waja wazito. Mji mzima ulijua lile benchi ni la nini. Mwanamume akilipita alitazama ukutani. Sasa Daktari Mutua akaja akakaa pale katikati ya mama wawili wenye mimba za miezi minane, akangoja zamu yake kama wao. Ilipofika akaingia.

"Kadzo, hii mashine yako inaona kidole?"

"Inaona watoto, daktari."

"Na kidole?"

"Watoto wana vidole."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza kwamba ameona, katika mafunzo aliyokwenda, madaktari wakitazama kiungo kwa ultrasaundi kabla ya kukichoma. Tukafungua droo ya chini tukatoa kichwa cha pili cha mashine, kile bapa, ambacho kilikuwa kimelala humo kwa sababu tumbo la mjamzito linataka kile cha mviringo. Nikapaka jeli kwenye kidole changu mwenyewe nikakipitisha. Mfupa ulitokea mstari mweupe unaong'aa, na chini yake giza. Mstari wa pili ukatokea mbele yake. Katikati yake palikuwa na ufa mdogo mweusi. "Hapo," daktari akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa nyumba aliyokuwa akiipita kila siku bila kuijua. Nami nilisisimka, sitaki kusema uongo. Nilikuwa nimeona mamia ya watoto na sikuwahi kuona kidole changu.

Utaratibu tuliouanzisha ulionekana wa busara kabisa. Kliniki ya mifupa ilikuwa ghorofa ya juu na mashine yangu haikupanda ngazi, kwa hiyo mimi ningetafuta upenyo kule chini, niutie alama ya kalamu juu ya ngozi, na mgonjwa apande akachomwe pale penye alama. Bi Mwanakombo akaja. Nikautafuta upenyo, nikaupata, nikachora mistari miwili iliyopishana, nikamwambia, "Nenda juu, Bi, usiiguse." Akapanda. Juu foleni ilikuwa ndefu. Akachomwa mchana. Wiki zikapita, kidole kile kile, maumivu yale yale, na daktari akashuka kwangu na uso uliokunjamana.

"Kadzo, nilichoma pale pale ulipochora. Katikati ya ua."

"Ua gani?"

"Lile ua. La rangi ya chungwa. Lilikuwa zuri hata nikasikitika kulitoboa. Nikajua siku hizi watu wa picha mnachora maua."

Jioni nilimkuta Bi Mwanakombo jikoni akichambua mchele kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza habari ya ua. Akaacha mchele.

"Mwanangu, ulinichora msalaba."

"Ilikuwa alama tu, Bi."

"Wewe kwako alama. Mimi pale juu adhuhuri ikaniingilia na foleni haisongi. Niswali nao mkononi? Nikaenda nikatia udhu, nao ukafutika wote, nikaona taabu, daktari atanichoma wapi. Koni yangu ninayo mkobani. Nikachora ua kwa mkono wa kushoto, pale pale."

"Pale pale?"

Akafikiri. Huyu mama hakuwa mwongo. "Ulikuwa umekaa upogo kidogo," akasema. "Nikausogeza ukae vizuri."

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, na yeye akacheka, na Nuru akaja kuuliza kuna nini naye akacheka bila kujua. Daktari wa Machakos na Mgiriama wa Kaloleni, wote wawili tumesomeshwa, hakuna aliyefikiri kwamba mtu wa Mji wa Kale atapanda ngazi, adhuhuri imkute, na maji yapite juu ya hesabu zetu. Lakini kicheko hakikudumu. Daktari alikuwa ameniambia jambo la pili: dawa ile ikizidishwa hukila kiungo chenyewe. Angekubali kumchoma mara moja tu tena mwaka ule, na isipoingia, basi. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Nikamwambia Bi Mwanakombo, maana si haki kumficha. Aliinama akarudia kuchambua mchele, na sikuona uso wake.

Ndipo Daktari Mutua akasema kilichokuwa wazi tangu mwanzo: picha na sindano visitengane. Mgonjwa asipande ngazi, asiende popote. Chumba kimoja, wakati mmoja, macho kwenye skrini, na sindano ionekane ikienda. Tatizo ni kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kufanya hivyo. Yeye alijaribu kushika kichwa cha mashine kwa mkono wa kushoto na sindano kwa kulia, na kila akitazama skrini sindano inampotea, kila akitazama sindano picha inamkimbia. Akanipa mimi kile kichwa. "Wewe shika macho," akasema, "mimi nitashika sindano." Tukahitaji mahali pa kujifunzia ambapo si mkono wa mtu.

Hapo ndipo ninapojisifu bila haya, maana lile wazo lilikuwa langu. Niliwaza kitu laini, kinachopitisha picha, chenye umbo. Nikawaza faluda. Faluda ya maziwa, ile ya kuganda kwa agaa-agaa, unga wa mwani, ambayo nyumba zote za Mji wa Kale huipika mwezi wa Ramadhani. Nikapika sufuria nzima, ikiwa bado ya moto nikazamisha ndani yake bawa la kuku lenye viungo vyake vyote, nikaiweka kwenye friji igande. Asubuhi Bi Mwanakombo alifungua friji.

"Kadzo!"

Nikashuka mbio.

"Hili ni bawa."

"Ndiyo, Bi."

"Ndani ya faluda."

"Ni la hospitali, Bi. Ni la kujifunzia kidole chako."

Akaitazama faluda, akanitazama mimi, akaifunga friji polepole. "Umeitia iliki?" akauliza. Nikasema sikuitia. "Basi," akasema, "kuku hatajali."

Tulitoboa faluda nyingi. Kila siku waja wazito wakimalizika tulifunga mlango, nikapaka jeli, nikaweka kichwa bapa juu ya faluda, daktari akaingiza sindano kutoka ubavuni. Mwanzoni tuligombana. Mimi nikisema "juu" nilimaanisha juu ya skrini, yeye akainua sindano. Akakasirika, nikakasirika, hata siku moja tuliacha hatukuagana. Kesho yake tukakubaliana kwamba juu ni kwenye ngozi na chini ni kwenye mfupa, na kushoto ni mlangoni na kulia ni kwenye ndoo ya kiyoyozi, na baada ya hapo hatukukosana. Nikajifunza kwamba nikiinamisha mkono wangu kiasi cha unene wa shilingi tu, sindano yote inatokea, mstari mmoja mweupe kutoka mwanzo hadi ncha. Hii ndiyo kazi yangu mpaka leo, kuinamisha mkono kiasi hicho, na nitaiacha siku mkono utakaponikatalia. Kwenye chumba cha chai niliwasikia madaktari wawili wakicheka. "Mutua siku hizi yuko kwa waja wazito," mmoja akasema. "Atajifungua lini?" Nikamwambia akijifungua tutampelekea faluda. Hawakuelewa. Niliondoka na chai yangu.

Bi Mwanakombo alikuja siku za mwanzo za Ramadhani. Alikuwa amekwisha kumuuliza shehe wa msikiti wa karibu, akaambiwa sindano ya kiungo si chakula wala kinywaji, saumu yake iko pale pale. Alikaa kwenye benchi la waja wazito, Nuru pembeni yake, na mama mmoja mwenye mimba akamuuliza kwa adabu, "Na wewe, Bi, ni wa ngapi?" Akamjibu, "Huyu ni wa mwisho, mwanangu, niombee." Benchi zima likacheka, lakini mimi mlangoni niliona namna alivyoushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na sikucheka.

Nikamlaza, Nuru akasimama kando ya mlango, kwa ndani. Daktari akasafisha ngozi, mimi nikavisha kichwa cha mashine glavu safi. Nikatafuta upenyo. Kwenye kuku upenyo ni mpana. Kwenye mkono wa mama aliyepaka hina miaka na miaka, mfupa ulikuwa umeota ncha iliyofunika mlango. Daktari akatia ganzi, akaingiza sindano, nikaiona ikija, nyembamba, nyeupe, na ikagonga mfupa. Akairudisha kidogo. Ikagonga tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na kiyoyozi kinavuma. Nilimsikia akivuta pumzi, na nilijua anachowaza, kwamba zamani angeisukuma dawa pale pale, akaamini imefika.

"Ngoja," nikasema. "Usitie. Nuru, njoo huku. Shika kidole cha bibi yako. Kivute taratibu kuja kwako, kama unamvua pete."

Nuru akakishika. Akavuta. Na kwenye skrini ile mistari miwili myeupe ikaachana, kidogo sana, ufa mweusi ukafunguka.

"Chini," nikasema. "Chini tena. Kwenye ndoo kidogo. Hapo, daktari, umeingia. Tia."

Akatia. Nikaona dawa ikienea ndani, nyeusi, na ngozi ya kiungo ikinyanyuka juu yake polepole, pande zote mbili. Kwenye faluda haikuwahi kunyanyuka hivyo. Daktari akatazama skrini mpaka bomba likaisha. Aliutoa mkono wake na kuuweka begani kwangu mara moja, akauondoa.

Bi Mwanakombo alikuwa ametazama skrini muda wote, shingo imegeuka, hata mtu angedhani anaangalia mchezo wa kuigiza. "Ule mstari mweupe," akasema, "ndio sindano?"

"Ndio, Bi."

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukiushika usipotee?"

"Mimi."

Akautazama mkono wangu wakati naufuta jeli. "Hautetemeki," akasema. "Ungekuwa mpaka hina, ningekupa maharusi wangu." Nimepewa vyeti baada ya hapo, nimepigiwa makofi kwenye kumbi zenye zulia. Hakuna lililowahi kunijaza kifua kama hilo.

Kisha tukangoja. Hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye hakusema. Saumu alikuja mara mbili na mara mbili nikamsikia akianza, "Yule wa Bondeni...", kisha akaacha. Mimi nilikuwa silali vizuri, nikajikuta nikimtazama anavyoshika kikombe cha uji, anavyofunga kanga, kama mpelelezi. Halafu siku moja kwenye kumi la mwisho, narudi kutoka kazini alasiri, niko kwenye ngazi, miguu imechoka, nikasikia sauti jikoni. Kru, kru, kru. Nikasimama. Ilikuwa ile mbuzi ya nazi. Nikafikiri ni Nuru. Nikapanda nikachungulia. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa juu ya kiti chake, kifuu mkononi, nazi ikianguka nyeupe ndani ya sinia, na kidole gumba kimekamata kifuu. Hakugeuka.

"Leo hakuna paketi," akasema. "Kakoge tufuturu."

Mfungo mosi alimpaka Nuru. Ilichukua siku nzima na sebule ilijaa, wanawake mpaka ngazini, hata yule mpaka hina wa Bondeni alikuja kutazama, na hakuna aliyeongea sana kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama koni. Haikuanguka. Mstari ulitoka mwembamba, ukapinda, ukazaa majani kutoka kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, kisha miguu. Alipomaliza alinyoosha mgongo, akatazama mle sebuleni akaniita. Mimi mgeni, Mkristo, tena sijaolewa, na hina ya mkono mzima si ya msichana ambaye hajaolewa. Akaukamata mkono wangu wa kulia.

"Nionyeshe," akasema, "palikuwa wapi hasa."

Nikamwekea kidole chini ya kidole gumba, penye upenyo. Akachora ua dogo, la majani matano, hapo hapo, hakulisogeza hata chembe. Nilienda nalo kazini wiki mbili nzima. Waja wazito waliniuliza kama nimeolewa nami nikawaambia bado, nimehitimu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyakumbuka juzi na kahawa ikiniunguza ulimi. Daktari Mutua alistaafu akarudi Machakos. Alinipigia simu alipopata habari na tukalia kidogo, watu wazima sisi. Yule mama mnene mwenye sauti tamu aliendelea kuhadithia, na sasa mashine ilikuwa imetoka Ujerumani, na kidole kilikuwa cha mkono wa kushoto. Hapo nikashindwa. Adabu ina mwisho wake.

"Samahani, dada yangu," nikasema. "Kilikuwa cha kulia. Na mashine haikutoka popote, ilikuwa ya waja wazito, hapa hapa kisiwani. Daktari alishika sindano. Na aliyeshika picha alikuwa na mkono huu hapa."

Nikauinua. Umekunjamana sasa, na hina yake ilitoka zamani. Wote wakanigeukia na mimi nikaanza kuona haya, maana hata kwangu ilisikika ni kujigamba matangani. Nuru alikuwa amekaa karibu na mlango, mwanamke mtu mzima, mwenye watoto wakubwa, vidole vyake vimeingia rangi ya kazi, maana hina ya mji sasa ni yake. Akanyanyuka. Akaja akapiga magoti mbele yangu juu ya mkeka, akaushika ule mkono, akaubusu, kama watu wa Mji wa Kale wanavyobusu mikono ya wazazi wao.

"Mimi ndiye niliyevuta kidole," akawaambia. "Ndivyo ilivyokuwa, kama alivyosema."

Yule mama akaniuliza, kwa adabu sana, kama ningemwangalia bega lake. Nikamwambia aje Jumatatu, akae kwenye benchi.